Zamu ya Illunga

Dada yangu alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili na nusu asubuhi. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama alivyofundishwa chuoni, ndipo akauliza kama uji umebaki. Nilikuwa nyumbani Mugango kwa likizo ya Desemba, nimekaa mkekani na kompyuta, nikihangaika na kazi ya semina niliyotakiwa kuiwasilisha Januari. Kwenye skrini alikuwa Audrey Hepburn ndani ya vazi la utawa.

"Huyo ni nesi au ni sista?"

"Vyote viwili."

"Basi sogea. Nione anavyofanya kazi."

Ni binti wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni dada, tena dada mkubwa. Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na huu ni mwaka wa tatu anafanya kazi katika kituo kimoja cha afya mkoani Mara bila mshahara. Anapata posho ndogo mwezi ambao kituo kimepata chochote, na mwezi ambao hakijapata anapata asante. Ajira za serikali zikitangazwa anaomba, kisha anasubiri. Cheo chake ni mjitoleaji.

Semina yetu inahusu simulizi za safari. Mwalimu alitutaka tuchague kitabu au filamu kuhusu mgeni anayekuja Afrika kufanya kazi, kisha tuhakiki namna anavyotazama. Nilichagua The Nun's Story, yaani kisa cha mtawa, filamu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Fred Zinnemann, kwa sababu nilidhani itakuwa rahisi. Nesi mzungu, Kongo ya Wabelgiji, wagonjwa weusi. Hukumu nilikuwa nayo mfukoni kabla sijabonyeza kitufe cha kuanza. Filamu yenyewe haikuwa rahisi hivyo, na dada akaifanya iwe ngumu zaidi.

Niipe kwanza haki yake. Filamu imetokana na riwaya ya mwaka 1956 ya Kathryn Hulme, Mmarekani aliyefanya kazi katika kambi ya wakimbizi huko Wildflecken, Ujerumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kambini alikutana na Marie Louise Habets, nesi wa Kibelgiji aliyekuwa mtawa, akahudumu Kongo, kisha akaacha utawa. Maisha ya Habets ndiyo msingi wa kitabu. Ndani yake anaitwa Gabrielle van der Mal, binti wa daktari bingwa wa upasuaji, anayeingia utawani akiwa na ndoto moja: kwenda Kongo kuuguza. Anapewa jina la Sister Luke.

Ukitegemea filamu ya mkombozi mweupe, utashangaa. Zaidi ya saa nzima inapita kabla hatujaiona Kongo, na saa hiyo inahusu utii: jinsi ya kutembea, jinsi ya kunyamaza, jinsi ya kuungama kila kosa dogo mbele ya wenzako. Na anapofika Kongo, Sister Luke hapelekwi kwa Waafrika aliowaota. Anapangiwa hospitali ya Wazungu. Anavunjika moyo, na filamu inatuachia tuone wenyewe kwamba katika mji ule kuna hospitali mbili kwa rangi mbili. Sehemu za Kongo zilipigwa kulekule, Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kwa hiyo nyuso za nyuma si za kuigizwa zote. Mwisho wake nao ni wa kijasiri: baada ya kushindwa kumsamehe adui aliyemuua baba yake vitani, mtawa anavua vazi, anavaa nguo za kawaida, anafungua mlango na kuondoka. Hakuna muziki, hakuna anayemuaga. Hadithi ya kawaida ya wito ingemwonyesha akibaki.

Basi sina filamu mbaya ya kuichapa. Hii ni filamu nzuri, na ndiyo maana kile isichokiona kina uzito.

Dada aliitazama kama anavyotazama wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Upasuaji ulipoanza aliacha uji. Dk. Fortunati, yule mpasuaji asiyeamini Mungu anayechezwa na Peter Finch, ni mkali na hana subira, na Sister Luke anakwenda naye sawasawa. "Huyu anajua kazi," dada alisema. "Ukimsubiri daktari aombe kila kitu, umeshachelewa." Nilijaribu kumweleza kwamba wahakiki wengi wanaona kati ya hao wawili kuna mapenzi yasiyosemwa. Akanijibu kwamba ndani ya chumba cha upasuaji watu wanatazamana hivyo kwa sababu wamevaa barakoa.

Kuna tukio moja aliniambia nilirudishe. Linatokea kabla ya Kongo, huko Antwerp, ambako Sister Luke anasomea magonjwa ya nchi za joto. Darasani yumo mtawa mwingine mkubwa kwa umri, aliyewahi kufanya kazi Kongo, ambaye anahofia kufeli. Mkuu wa watawa anamshauri Sister Luke afeli mtihani kwa makusudi ili kumpisha mwenzake, kama zoezi la unyenyekevu. Sister Luke anahangaika, anasali, anaingia kwenye mtihani na hawezi kujilazimisha kusema asichokijua wakati anakijua. Anafaulu vizuri sana. Kwa muda huo Kongo inampita. Anapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Ubelgiji.

"Rudisha," dada alisema. Tukaangalia mara ya pili. Kisha akanihadithia jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuwa amenihadithia.

Kituoni kwao mjitoleaji hasaini. Anapima presha, anaweka kanula, anampokea mama mwenye uchungu, anajaza patografu, lakini mwisho wa zamu anayesaini kitabu cha ripoti ni aliyeajiriwa. Usiku mmoja katika mwaka wake wa kwanza, mama mmoja alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Muuguzi wa zamu alikuwa ameondoka na mgonjwa wa rufaa, na dada alibaki na mhudumu wa usafi. Alichoma oksitosini, akakanda tumbo ili kizazi kikaze, akatundika dripu, akamtuma mhudumu akimbie kumgongea mlango tabibu. Damu ikakata. Asubuhi aliandika yote kitabuni, saa na dakika, akaweka jina lake chini. Mkubwa wake alisoma, akampongeza, kisha akalikata lile jina kwa kalamu na kuandika la muuguzi mwingine. Alifanya hivyo kwa upole. Alisema: "Usijionyeshe, mwanangu. Ukaguzi ukija tutaulizwa kwa nini ulikuwa peke yako."

"Yeye anaambiwa ajifiche kwa ajili ya roho yake," dada alisema, akielekeza kikombe kwa Hepburn. "Mimi kwa ajili ya ukaguzi." Akacheka. Mimi nilikosa la kusema, nikabonyeza kitufe filamu iendelee.

Ni dada aliyemwona Illunga. Nilikuwa nimeshaiangalia filamu mara mbili na katika daftari langu jina hilo halikuwemo. Illunga ni mmoja wa wasaidizi Waafrika wa hospitali, anachezwa na Errol John, mzaliwa wa Trinidad. Pamoja naye yumo Kalulu, anayechezwa na Orlando Martins, Mnigeria kutoka Lagos. Nilipotafuta habari zao baadaye niliona aibu kidogo. Mwaka 1957, kabla ya filamu hii, Errol John alikuwa ameshinda shindano la tamthilia la gazeti la The Observer la London kwa tamthilia yake Moon on a Rainbow Shawl. Mtu aliyeweza kuandika jukwaa zima alipewa nafasi ya kusimama nyuma ya mtawa. Na Martins, miaka 13 kabla yake, alikuwa amecheza mganga wa jadi katika Men of Two Worlds, filamu ya Waingereza kuhusu ugonjwa wa malale Tanganyika, yaani kwetu. Mganga anayeizuia dawa au msaidizi anayeibeba: hizo ndizo nafasi walizokuwa nazo Waafrika katika hospitali za sinema.

Filamu inatuambia kwamba Sister Luke anapanga upya kazi za wodi na kuwapa wasaidizi hawa majukumu zaidi, na inalihesabu hilo kuwa sifa yake. Ni sifa kweli. Kisha anaugua kifua kikuu. Fortunati hataki kumpoteza, kwa hiyo anabuni namna ya kumtibu palepale Kongo badala ya kumrudisha Ulaya. Tunakaa naye kwenye mapumziko hayo: kikohozi, mazungumzo, mashaka ya imani. Ni sehemu nzuri. Dada akauliza, "Kipindi hiki chote anaumwa, nani yuko wodini?"

Swali hilo halina jibu ndani ya filamu. Hospitali haikufungwa. Wagonjwa hawakuambiwa waje Sister akipona. Kuna mtu alibadilisha shuka, akachemsha sindano, akakesha na aliyefanyiwa upasuaji jana. Tunajua ni nani, kwa sababu tumeonyeshwa akifundishwa. Lakini kamera imemfuata mgonjwa mmoja, na mgonjwa huyo ni nesi.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa filamu kwa umbo lake. Kazi yote ya wodi inaonekana pale tu Sister Luke anapoigusa. Wagonjwa Waafrika wanapita mbele ya macho ili tujue amechoka, au ameridhika, au amejaribiwa. Hata mtawa mwenzake anapouawa na mwanamume Mwafrika, sababu tunayopewa ni ya kishirikina, na kifo hicho kinakuwa mtihani wa msamaha wa watawa. Hatuambiwi yule mtu alikuwa nani kabla ya siku ile. Kisha Sister Luke anaitwa kumsindikiza mgonjwa Ubelgiji, vita vinamzuia kurudi, na Kongo inatoweka. Filamu ina muda mrefu bado mbele yake, na katika muda huo wote hatumwoni tena Illunga.

Historia inamwona kidogo zaidi. Januari 1959, mwaka huohuo wa filamu, Léopoldville ilikuwa imewaka ghasia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, na siku hiyo haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Utawala wa Wabelgiji ulikuwa umewafundisha Wakongo kufikia uuguzi na usaidizi wa tiba, basi. Jeshi lilipoasi mwezi uliofuata, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Shirika la Afya Duniani lilipeleka wataalamu, na likawasaidia wasaidizi wa tiba wa Kikongo kwenda Ufaransa kumalizia udaktari. Lakini kabla ya wataalamu kufika na wanafunzi kurudi, kulikuwa na usiku mwingi ambao mtu mwenye kiwango cha Illunga alisimama peke yake kwenye wodi. Hiyo ni filamu ambayo ningependa kuiona. Kwa kiasi fulani naijua, kwa sababu inaishi chumba cha pili na inakunywa uji wangu.

Umbo hili halikufa na utawa. Nililiona kwa karibu nilipomaliza kidato cha sita, kipindi nilipofanya kazi ya ukalimani kwa miezi minne katika hospitali moja mkoani kwetu iliyokuwa ikipokea vijana wa kigeni, wengi wao wanafunzi wa uuguzi, wanaokuja kujitolea kwa wiki nne au sita. Walikuwa watu wazuri kwa sehemu kubwa. Waliogopa kukosea. Walilipa gharama zao wenyewe, na nyingine zaidi ya zao. Jioni waliandika mtandaoni, na mimi, kwa kuwa nilitaka kuboresha Kiingereza changu, nilisoma kila walichoandika.

Baada ya muda niliweza kutabiri aya inayofuata. Kwanza uwanja wa ndege na joto. Halafu watoto wanaokimbilia gari. Halafu umeme unakatika katikati ya jambo muhimu. Halafu kifo, kwa kawaida cha mtoto, wiki ya pili au ya tatu. Machozi nyuma ya jengo. Na mwisho shukrani: watu hawa, walio na kidogo, wamenifundisha zaidi ya nilivyowafundisha. Hakuna hata mmoja aliyetaja tulichomfundisha. Nilikuwa nangoja. Kujua kumtafuta mshipa mtoto aliyekaukiwa maji, kwa mfano, jambo ambalo nilimwona nesi wetu akimwonyesha mmoja wao mara tatu, halikuingia kwenye orodha ya mafunzo. Yaliyoingia ni furaha na uvumilivu.

Binyavanga Wainaina aliwacheka waandishi wa namna hii mwaka 2005 katika jarida la Granta, kwa ile insha yake ya kejeli inayotoa maelekezo ya jinsi ya kuiandika Afrika. Kila anayesoma fasihi chuoni kwetu anaijua, na kila mmoja anacheka. Nilicheka pia. Sasa naona kwamba insha ile, bila kosa lake, ilinipa raha isiyo halali: ilinifanya niamini kwamba ugonjwa huu ni wa wageni tu, na mimi ni daktari.

Hata uhakiki wenye hasira unaweza kurithi umbo lilelile. Ng'ambo ya ziwa letu hili, Jinja, Uganda, kijana wa Kimarekani asiye na mafunzo ya udaktari wala uuguzi aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa na watoto walikwenda mahakamani pamoja na shirika la wanasheria wanawake. Mwaka 2020 pande hizo zilimaliza kesi kwa makubaliano, bila upande wa kituo kukiri kosa. Mwaka 2023 HBO ikatoa filamu ya sehemu tatu, Savior Complex. Ni kazi ya kina, na Waganda wanasikika ndani yake. Lakini nilipoimaliza niligundua kwamba ningeweza kueleza utoto wa yule Mmarekani, imani yake na namna anavyolia, na nisingeweza kueleza kwa sentensi tatu maisha ya nesi hata mmoja wa Jinja aliyekuwa kazini miaka ileile. Swali la filamu ni kama yeye ni mtu mbaya au mjinga. Kwa kumshtaki tumemwekea taa nyingine.

Sasa nifike kwangu.

Katika miezi ile minne ya ukalimani, dada alikuwa bado mwanafunzi, na alipangiwa mafunzo ya vitendo hospitali hiyohiyo. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa kama miaka miwili, malaria kali, damu imeisha. Chumbani tulikuwa wanne: nesi wa zamu, dada, mjitoleaji mmoja wa kigeni, na mimi. Nesi alihangaika na mshipa, akashindwa, akampa dada, na dada akaupata. Damu ilicheleweshwa. Mtoto akafa kabla ya alfajiri. Yule mgeni alitoka nje akalia, na mimi nikamfuata, kwa sababu ndiyo kazi niliyolipiwa, kuwa karibu naye. Kupitia dirishani nilimwona dada akimfuta mtoto uso, akimfunga kidevu kwa bendeji, akimkunja kwenye khanga ya mama yake. Alikuwa akimsemesha mama kwa Kijita, polepole, huku mama akimjibu. Sikusikia walichosema.

Miaka michache baadaye nilipoomba nafasi ya masta na ufadhili wake, nilitakiwa kuandika insha kuhusu tukio lililonibadilisha. Niliandika usiku ule. Niliandika juu ya mgeni aliyetoka mbali, akasimama chini ya mwembe gizani akimlilia mtoto asiyemjua, na jinsi machozi yake yalivyonifanya nitake kusoma simulizi. Insha ilikuwa nzuri. Nilipata nafasi na ufadhili. Dada hayumo ndani yake. Nesi wa zamu hayumo. Mama wa mtoto yumo kwa neno moja: analia.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua, bila kuambiwa, ni chozi la nani lingesomwa hadi mwisho. Nilijua kwamba aliyesafiri kilomita elfu kadhaa kuja kwenye kitanda kile ana hadithi, na aliyefika kwa bodaboda ana ratiba. Tunampimia mtoaji kwa umbali aliotoka. Ndiyo maana neno moja, mjitoleaji, linawabeba watu wawili bila kugongana: mmoja anamaliza wiki nne akiwa na cheti na sura mpya ya maisha, mwingine anamaliza miaka mitatu akiwa na jina lililokatwa kwa kalamu. Dada hajatoka popote. Basi anaonekana hajatoa.

Sisemi wageni wasije, na sitaki mtu anisome hivyo. Wamenoniti wa Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na kabla ya muongo ule kwisha walikuwa na kituo hapa Mugango pia. Shirati ikawa na hospitali, na baadaye chuo cha uuguzi. Unaweza kuandika mengi juu ya misheni, mazuri na mabaya, lakini chuo kina maana moja iliyo wazi: mgeni amekubali kwamba siku moja hatakuwepo. Mmoja wa walimu waliomfundisha dada alikuwa mama mtu mzima, naye alifundishwa na nesi wa kigeni aliyekaa miaka mingi. Dada anaweza kuiga jinsi yule mgeni, ambaye hakuwahi kumwona, alivyokuwa akitandika kitanda cha mgonjwa asiyejiweza. Hajui kama mgeni huyo aliwahi kulia nyuma ya jengo. Huenda alilia. Kilichobaki ni namna ya kukunja kona za shuka, na kimebaki kwa sababu kuna mtu alikipokea, akakishika, akakifundisha tena.

Hata katika The Nun's Story mbegu hii ipo. Sister Luke anawafundisha wasaidizi wake, na pengine hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya Kongo, kubwa kuliko kujinyima kwake. Filamu inaligusa na kuliacha, kwa sababu tangu mwanzo imeuliza swali moja, je, atabaki mtawa? Ingeuliza, je, atakapoondoka nani ataweza nini? ingelazimika kubaki Stanleyville dakika kumi zaidi. Kuna jambo jingine nilipenda kulijua: Hepburn alipoanguka kutoka kwenye farasi mwaka 1959 akipiga filamu nyingine na kuumia mgongo, aliyekwenda kumuuguza ni Marie Louise Habets mwenyewe. Nesi wa kweli alimtandikia kitanda nesi wa sinema. Nilipomsimulia dada alifurahi kuliko kwa jambo lolote la filamu ile. "Kumbe hakuacha kazi," alisema. "Aliacha ile nguo tu."

Kwa hiyo katika kazi yangu ya semina nilifuta kurasa tatu za mwanzo, zile zenye hukumu ya mfukoni, nikaanza upya na maswali niliyoyapata mkekani. Nani yuko wodini msimulizi anapokuwa amelala? Nani anasaini? Simulizi inapopanda ndege, nani anabaki zamu? Ni maswali madogo, ya kinesi. Lakini nimeyajaribu kwenye vitabu vingine vinne vya orodha yetu ya semina, viwili vya wageni na viwili vya Waafrika waliorudi nyumbani kusaidia, na vyote vinne vilitetereka. Nikayajaribu kwenye insha yangu ya ufadhili. Ile haikutetereka. Ilianguka.

Filamu hatukuimaliza pamoja siku ile. Usingizi ulimkuta dada Sister Luke akiwa bado Kongo. Jioni, akijiandaa kwenda kazini tena, aliuliza ikoje mwisho. Nikamwambia anavua vazi, anafungua mlango, anaondoka.

"Na Illunga?"

"Haisemi."

Alikuwa anatafuta saa yake, ile ya mshale wa sekunde, ambayo huwezi kuhesabu mapigo ya moyo bila hiyo. Aliipata chini ya daftari langu. "Yuko zamu huyo," alisema, akatoka kuwahi bodaboda.

Kabla ya kutuma makala hii nilimsomea yote, pamoja na sehemu ya insha ya ufadhili ambayo hakuwa anaijua. Nilitegemea atakasirika, au atanisamehe kwa namna ambayo ningeweza kuiandika. Alinisikiliza, akarekebisha mambo mawili: sikuwa nimeandika kwamba alikanda tumbo baada ya kuchoma oksitosini, nilikuwa nimegeuza, na mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, si miwili. La kwanza nimelirekebisha. La pili nimeliacha kama lilivyokuwa kwenye kumbukumbu yangu, ili msomaji aone nani kati yetu alikuwa akimtazama mtoto.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Nilikuwa na hamu nalo sana, na ningependa makala iishie hapo, jina limeandikwa, limesainiwa. Alifikiri kidogo. Majina ya ajira mpya yanategemewa kutoka wakati wowote, alisema, na kituo ni kidogo, watu wanasoma simu. "Andika tu dada," alisema.

Nimeandika dada.